Mama Akifinyanga kwa Mkono wa Kushoto

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko ulimi wake. Ukigonga chungu chake kwa kidole kilikuitikia vizuri, kama mtu aliyelelewa. Changu nikikimaliza alikiinua, akakizungusha, akakitazama ndani na nje, kisha akakibana katikati ya viganja mpaka kikawa donge. "Rudia," alisema. Hakuwahi kuniambia nimekosea wapi. Nilirudia, akabana tena. Ndivyo nilivyofundishwa, na nadhani yeye pia alifundishwa hivyo hivyo na mama yake.

Mimi nilikuwa mwenye haya. Shule ya misheni nilifika darasa la nne, na fimbo nyingi nilizokula pale sikuzipata kwa kutojua jibu. Nilizipata kwa kulijibu kwa sauti ambayo haikufika kwenye dawati la mbele. Wageni wakija nyumbani nilitazama vidole vya miguu yangu. Mama alikuwa akiwaambia, "Msimsemeshe huyo. Ni bubu wangu. Mungu alinipa mikono miwili ya ziada, akasahau kuweka mdomo." Wageni walicheka, nami nikazidi kutazama chini.

Baba alikwenda na vita ya Hitler na hakurudi. Tangu hapo tuliishi kwa vyungu. Huku kwetu milimani, juu ya mji wa Kilosa, chungu hakikununuliwa kwa fedha. Mtu alikuja na mahindi au mtama, akakijaza chungu hadi shingoni, akamwaga nafaka yake kwetu, akaondoka na chungu. Kwa hiyo chungu kikubwa kilikuwa chakula kingi, na chungu kilichopasuka motoni kilikuwa njaa. Mama hakuhitaji kunieleza hesabu hiyo.

Udongo wetu ulitoka mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mto Mkondoa, chini ya mikuyu. Ulikuwa wa kijivu kinachokaribia weusi, mzito, unateleza mkononi kama kambare. Wanawake wote wa kilima chetu walichimba pale, na bibi zao walichimba pale pale. Shimo lile lilikuwa na miiko yake. Mwanamume halisogelei. Udongo ukiwa mbichi mwanamume hauoni, hata akiwa mumeo, hata mwanao wa kiume akishaota ndevu. Chungu kibichi kikionwa na macho ya mwanamume kitapasuka motoni, na shimo lenyewe litanuna, udongo utageuka mchanga. Misheni walitukataza mengi nasi tukayaacha mengi, lakini hilo hatukuliacha. Padri mwenyewe alijua. Akipita karibu na uwanja wetu wa kufinyangia alikohoa kwa mbali ili tufunike kazi.

Halafu mkonge ukafika mtoni. Shamba lilikuwa limeanzia mbali, kule tambarare, upande wa reli, na kila mwaka lilisogea. Mwaka ule mistari ya mkonge ilipandwa hadi kwenye mikuyu, na shimo letu likajikuta ndani ya shamba la Mzungu. Nyapara wa shamba alisimama njiani na fimbo yake.

"Mnakwenda wapi, mama zangu?"

"Kuchimba udongo, baba."

"Udongo wa nani?"

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo.

"Udongo wa bwana mkubwa," nyapara akajijibu. "Hata vumbi lililoko kwenye nyayo zenu ni la bwana mkubwa. Jikung'uteni mkitoka."

Tuliishi hivyo majuma mengi, wanawake wakifinyanga mabaki waliyokuwa wameyahifadhi kwenye majani ya migomba, hadi mke wa bwana mkubwa aliposikia. Yeye alipenda vyungu vyetu. Alikuwa navyo barazani kwake, amepanda maua ndani yake. Aliwaita wanawake wawili watatu, mama akiwa mmojawapo, akawaambia kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba atawapa ruhusa ya kuchimba, lakini yeye anataka picha. Kulikuwa na maonyesho Morogoro ya kazi za mikono za wenyeji, naye alitaka kupeleka picha ya mfinyanzi akiwa kazini.

"Mimi taka picha safi," alisema. "Hapana nzi, hapana kuku, hapana mtoto kulia. Kwa fundi wa picha, Kilosa, ndani ya nyumba. Picha nzuri, nyinyi chimba. Hapana picha, hapana chimba."

Jioni ile wanawake walikaa uwanjani kwetu. Fundi wa picha ni mwanamume, na mfinyanzi lazima afinyange mbele yake. Ikiwa watapeleka udongo wa shimo, shimo litanuna. Ikiwa hawatapeleka, shimo halipo. Walizunguka hapo kwa hapo kama punda wa mashine ya kukamua ufuta. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja aliyeolewa kwetu kutoka Kisanga. Yeye ndiye aliyetangulia shimoni kila msimu, na hakuna aliyechimba kabla jembe lake halijaingia. Alitafuna tumbaku yake, akatema, akasema:

"Kwani picha inapikiwa ugali?"

Wakamtazama.

"Chukueni udongo mwekundu, huu wa kukandika nyumba. Kandeni na maji, mumfinyangie huyo Mzungu kitu chenye umbo la chungu. Atajuaje? Anataka kukitazama, hataki kukiinjika motoni."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Ilikuwa kama mlango umefunguka. Wakaamua aende mama kwa sababu ni fundi kuwashinda, na mimi niende kumshikia vitu. Bibi akanigonga utosini kwa kidole. "Na huyu bubu ni mzuri kwa safari hii. Hata akitaka kutoa siri, hana pa kuitolea."

Mama alichimba udongo ule nyuma ya nyumba, mahali tulipochimbia wa kukandika ukuta wa jiko. Ulikuwa bado una vipande vya nyasi tulizokuwa tumechanganya. Aliviokota alivyoviona.

Siku ya kwenda mjini alivaa gauni lake la kipaimara, lenye kola nyeupe, akanivika mimi gauni la shule lililokwisha kunibana. Tulishuka asubuhi na kikapu cha udongo. Nyumba ya picha ilikuwa karibu na stesheni. Fundi alikuwa mtu wa Pwani, mwenye kofia ya kiua na viatu vilivyolia akitembea, na sehemu ya paa lake ilikuwa ya vioo ili jua liingie. Ukutani alikuwa ametundika turubai lililochorwa ngazi nyeupe na ziwa lenye mabata. Memsahib, yule mke wa bwana mkubwa, alikuwa amekwisha kufika. Aliamuru mabata yaondolewe, likatundikwa blanketi la kijivu.

"Shikamoo, memsahib," mama akasema.

"Jambo, jambo." Akashika bega la gauni la mama kwa vidole viwili. "Hii toa."

Mama hakuelewa.

"Anasema uvue," fundi wa picha akamweleza. "Memsahib anataka mfinyanzi. Hukuitwa kuja kuwa mke wa mwalimu." Akatutupia kaniki mbili kuukuu. "Fungeni kifuani. Bega wazi. Na viatu, kama mnavyo."

"Hatuna," mama akasema.

"Afadhali. Mmetupunguzia kazi."

Tulivulia nyuma ya blanketi. Mama alilikunja gauni lake polepole, kola juu, akaliweka juu ya kikapu ili lisiguse sakafu. Kanisani tulikuwa tumefundishwa miaka yote kufunika mabega, na mama alikuwa ameshika mafundisho hayo kuliko wengi. Alijifunga ile kaniki, akaipandisha, akaikaza, akaipandisha tena. Tulipotoka fundi alitumiminia mafuta ya nazi viganjani.

"Jipakeni mng'ae. Ngozi kavu inakunywa mwanga." Alimtazama mama alivyojikunyata. "Ah, nyie watu wa milimani! Mnaogopa picha kama mbuzi anavyoogopa mvua. Hii haing'ati, bi mkubwa. Inatazama tu."

Kwenye bega la kulia mama alikuwa na kovu la moto, pana kama jani la mpera, alilolipata kwa kuchoma vyungu. Hakuwahi kulionyesha kwa mtu. Memsahib aliliona, akapiga makofi kwa furaha. "Nzuri! Hii nzuri sana. Geuka kidogo."

Mama akakaa chini akaanza kufinyanga. Udongo wa kukandika haukubali kusimama, hukatika. Mama aliubembeleza kwa maji na kwa haraka, mkono wa kushoto ndani, wa kulia nje umeshika kipande cha kibuyu cha kulainishia, na kile kitu kikapanda, kikapata tumbo, kikapata shingo. Kilisimama kama mlevi anayeshikiliwa na ndugu zake. Alipomaliza shingo alinisogezea nichore. Nilitoa kijiti kikapuni nikachora mistari ya mvua, ambayo ndiyo pambo letu. Mistari yetu yote inalalia kulia, kwa sababu mvua ya kwetu inashuka milimani kuelekea upande huo. Kila mtoto anajua.

Fundi aliingia chini ya kitambaa chake cheusi.

"Msipumue. Binti, inua uso."

Sikuweza. Shingo ilikuwa kama imefungwa kamba.

"Inua uso, wewe. Hatukuli."

"Anakusemesha," mama akasema kwa kunong'ona, bila kutikisa midomo. "Inua."

"Acha," memsahib akasema. "Hivi hivi. Yeye aibu. Picha nzuri na aibu."

Wakapiga picha, mama akiwa amekamata kibuyu chake, mimi nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Kisha memsahib akasogea, akazunguka chungu, akapendezwa nacho mno. Akasema maneno ambayo hatukuyatarajia.

"Chungu hii, choma. Leta kwangu. Picha na chungu pamoja, kwenda Morogoro. Watu taona picha, taona chungu ile ile."

"Ndiyo, memsahib," mama akasema.

Njiani mama alikibeba kile chungu mwenyewe. Tulipokwisha kuvuka reli ndipo aliposema, "Hiki nikikichoma tutakula majivu." Hakuwa akinisemesha mimi. Nyumbani alipima tumbo lake na shingo yake kwa kamba ya mgomba, akaweka mafundo. Kisha akamwaga maji ndani yake. Chungu kile hakikupasuka. Kiliketi tu, taratibu, kama mzee anayechoka, kikawa tope. Mama akalizoa akaenda kuziba nalo ufa kwenye ukuta wa jiko.

Kisha akatoa donge la mwisho la udongo wa shimoni, lililokuwa limebaki limefungwa kwa majani, lile alilokuwa ameliweka kwa ajili ya mtungi wetu wa maji. Akafinyanga chungu kingine kwa kipimo cha ile kamba. Wanaume wote walikuwa makondeni. Nami nikachora mistari ya mvua, ikalala kulia, ukubwa ule ule. Mama alikitazama kwa muda mrefu nami nikangoja akibane. Hakukibana. Kilikauka kivulini, tukakichoma kwa magome na mavi ya ng'ombe, kikatoka cha rangi ya kahawia, bila ufa. Ukikigonga kiliitika. Bibi wa Kisanga alikuja kukitazama. Akasema, "Shimo limerudi kwetu. Wanangu, leteni majembe."

Tulikipeleka kwa memsahib mimi na mama. Alikuwa barazani, na fundi wa picha naye alikuwepo, ameleta picha siku hiyo hiyo, amesimama pembeni ameshika kofia. Nyapara alikuwa chini ya ngazi. Memsahib alikipokea chungu kwa mikono miwili, akakiweka mezani, akaiweka picha kando yake. Ilikuwa picha kubwa, kama kurasa mbili za kitabu. Alitabasamu. Akatazama picha, akatazama chungu. Akainama. Tabasamu likaondoka.

"Hii hapana chungu ile."

"Ndicho, memsahib," mama akasema.

"Hapana. Hapa kwa picha laini kwenda namna hii." Akachora hewani kwa kidole, kuelekea kushoto. "Hapa kwa chungu laini kwenda namna ile. Picha hapana danganya. Nyinyi danganya."

Mama alisogea akatazama, nami nikatazama nyuma ya bega lake. Kweli, mistari ya picha ililalia kushoto. Sijawahi kuchora mistari ya kushoto maishani mwangu. Nikamtazama mama kwenye picha. Kibuyu alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto. Kovu lilikuwa bega la kushoto. Mama hakuweza hata kukoroga uji kwa mkono wa kushoto.

Nikaelewa. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukijitazama kwenye maji ya mto, tukanyanyua mkono mmoja, na yule wa majini akanyanyua mwingine. Picha ilikuwa imegeuzwa hivyo hivyo.

Memsahib alikuwa akisema, "Kwisha. Ruhusa kwisha. Nenda." Na mama, ambaye ulimi wake haujawahi kukosa neno kwa mtu, alisimama kimya kwa sababu alijua kwamba kweli alikuwa amedanganya, ila si kwa jambo lile analoshitakiwa.

Ndipo nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata nyapara akageuka.

"Picha ndiyo imegeuzwa, memsahib. Mama hatumii kushoto. Na kovu lake liko kulia. Tazama."

Mama alinigeukia kana kwamba mbwa ameongea. Memsahib alitazama bega la mama, juu ya gauni, kana kwamba anaweza kuona ndani. Akamwita asogee, akaishusha kola ya gauni kwa kidole chake mwenyewe, pale pale barazani, nyapara akitazama. Kovu lilikuwa kulia. Memsahib akacheka, tena kwa sauti. Akamgeukia fundi wa picha.

"Wewe! Wewe weka kioo kinyume. Mtoto wa msituni jua, wewe hapana jua? Wewe fundi gani?"

"Kioo cha picha kinaweza kugeuka wakati wa kuichapa, memsahib. Ni jambo dogo."

"Dogo! Mimi karibu peleka Morogoro picha ya kinyume. Mjinga kabisa."

Nyapara alicheka puani. Kwa muda mfupi kama wa kumeza mate nilikuwa nimeshinda. Nilimwona mama anavuta pumzi. Halafu nikaona uso wa yule fundi wa Pwani, mtu wa kofia ya kiua, aliyetukanwa mbele yetu sisi mbuzi wa milimani. Alivaa kofia yake. Akasogea mezani.

"Ni kweli nimegeuza kioo," akasema polepole. "Samahani, memsahib. Lakini chungu hiki bado sicho. Huyu binti amesema kweli, basi mama yake naye aseme kweli. Udongo uliokuja kwangu ulikuwa mwekundu, na ulikuwa na nyasi. Niliufagia mimi mwenyewe sakafuni. Nimekulia nyumba ya udongo, naujua udongo wa kukandika ukuta. Tazama picha, hapa shingoni. Nyasi hii inachungulia. Haina kushoto wala kulia."

Memsahib alileta kioo cha kukuzia. Akatazama picha. Akachukua kisu cha mezani akakikwaruza chungu chetu chini kwenye kitako, akafika ndani, na ndani palikuwa peusi, pamekazana, hapana alama ya jani.

"Kwa nini?" akamwuliza mama.

Mama angeweza kumweleza mwanamke mwenzake jambo la shimo. Lakini fundi alikuwepo, na nyapara alikuwepo, na jambo lile halisemwi mbele ya wanaume. Nami sikuwa na sauti nyingine ya kutoa.

"Mimi napa nyinyi udongo," memsahib akasema, na macho yake yalikuwa na machozi ya hasira, kwa sababu nadhani alikuwa ametupenda kwa namna yake. "Mimi napa udongo, nyinyi napa mimi matope."

Alikibakiza chungu. Akamwambia nyapara jambo kwa sauti ya chini, na nyapara akaitikia, "Ndiyo, memsahib," mara nyingi.

Tulipofika kwenye mistari ya mkonge, mahali ambapo hakuna anayeona, mama aliweka kikapu chini akanipiga kofi, akanipiga la pili.

"Nani alikutuma? Nani? Mdomo umelala miaka yote, ukaamka leo!"

"Mama, alikuwa amekwisha kutufukuza."

"Angetufukuza kwa uongo wake! Ningerudi kesho nikalia, ningerudi kesho kutwa. Mtu aliyekuonea unaweza kumwendea. Sasa nitarudi kwa nani? Tumefukuzwa kwa haki."

Siku iliyofuata mikokoteni ya shamba ilianza kumwaga makapi ya mkonge shimoni, yale mabaki ya kijani yanayotoka kwenye mashine baada ya nyuzi kuvuliwa. Yalijaa hadi juu. Yakaoza. Harufu yake ilipanda hadi kanisani, na maji yake yaliteremka mtoni yakaua samaki. Wanawake walikwenda kutazama kwa mbali, wakarudi bila kusema.

Waliposema, walisema mlangoni kwetu. Huku kwetu mfinyanzi akifa, wenzake hubeba mtungi wake wa maji na kuuvunja kizingitini siku ya maziko, ili mikono yake isije ikarudi kutafuta kazi. Mchana mmoja mimi na mama tulikuwa ndani tunakula mboga ya maboga. Tukasikia hodi. Walikuwa wengi, wamefunga vitambaa vya msiba, na aliyetangulia alikuwa bibi wa Kisanga ameshika mtungi.

"Poleni na msiba, wafiwa," akasema.

Mama aliinuka. "Shikamoo, mama. Nani amefariki?"

Bibi hakuitikia. Hilo peke yake lilitosha. Huku kwetu hata mchawi husikia marahaba yake.

"Alikuwa fundi," bibi akawaambia wenzake, kana kwamba mama hayupo. "Tumsifu kwa hilo. Ila alikuwa na akili ya kukandika ukuta. Akampelekea Mzungu tope."

"Ulisema wewe!" mama akapiga kelele. "Ulikaa pale, ukatema tumbaku pale, ukasema picha haipikiwi ugali!"

"Mnasikia?" bibi akasema. "Maiti ya siku hizi inasema."

Wengine walicheka, wale wale waliocheka jioni ile ya udongo mwekundu. Bibi akaangusha mtungi kizingitini. Ulikuwa wa mama, alioufinyanga mwenyewe akampa bibi huyo zamani alipofiwa na mume. Vigae viliruka hadi kwenye sahani yetu.

"Fagia," mama akaniambia walipokwisha kuondoka. Nikafagia.

Mama hakukubali mara moja. Alikwenda kutafuta udongo hadi upande wa Mikumi, akarudi na kikapu kimoja na miguu iliyovimba. Vyungu alivyofinyanga kwa udongo ule vilipasuka kivulini kabla hata ya moto. Mahindi yalipokwisha alishuka shambani kuomba kazi. Nyapara alimpokea kwa heshima zote. "Karibu, mama wa picha," akasema. Tangu siku ile wote walimwita hivyo. Alipewa kazi ya kuanika nyuzi kwenye waya, nami nikapewa ya kuzikusanya. Maji ya mkonge yanawasha, yanakula ngozi. Baada ya msimu mmoja viganja vya mama vilikuwa vigumu kama gome. Siku moja nilimwona ameokota tonge la udongo mtoni, analivingirisha. Akalitupa. "Silisikii," akasema.

Juzi alinituma mjini kununua chumvi. Nilipita upande ule wa stesheni ambao siku zote naukwepa, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia nyingine. Fundi wa picha ana kioo kikubwa mbele ya nyumba yake, ambapo anatundika kazi zake nzuri ili wapitao wavutike. Bwana harusi yumo, na karani mwenye baiskeli yumo. Katikati yao ni mama, kaniki kifuani, ameshika kibuyu. Fundi alikuwa mlangoni.

"Aa, binti wa picha! Njoo ujione. Watu wanakuja kutoka Kimamba kuwatazama."

Nilijitazama. Kisha nikaondoka bila chumvi, nikarudi tena kuinunua.

Jioni mama alikuwa jikoni, ameegemea ule ukuta tulioziba kwa chungu cha picha. Alikuwa akichokoa mwiba wa mkonge kiganjani kwa sindano. Huenda kuna mtu alikuwa amemweleza, kwa maana aliuliza bila kuinua macho.

"Bado ipo?"

"Ipo, mama. Wameitundika mbele."

"Ninashika kwa mkono gani?"

"Kushoto."

"Basi huyo si mimi." Alichokoa kidogo. "Na wewe? Wewe umekaaje?"

"Nimeinama. Uso hauonekani."

Mama aliutoa mwiba, akautazama kwenye mwanga wa moto, akautupa humo.

"Huyo ndiye wewe," akasema. "Laiti angebaki hivyo hivyo."